SIBA NA MEFIBOSHETHI: UHAKIKI WA TAARIFA YA LIFE ESIDIMENI KWA MACHO YA DIAKONIA

Utangulizi

Ziko taarifa za serikali ambazo mchungaji anapaswa kuzisoma kama asomavyo vitabu vya ufafanuzi wa Biblia, yaani polepole, kalamu mkononi, na kwa hofu ya Mungu. Mojawapo ni ile iliyotolewa tarehe 1 Februari 2017 na Profesa Malegapuru Makgoba, Msimamizi wa Malalamiko ya Afya wa Afrika Kusini, kuhusu vifo vya wagonjwa wa akili katika jimbo la Gauteng. Pamoja nayo hapana budi isomwe tuzo ya usuluhishi iliyotolewa tarehe 19 Machi 2018 na Dikgang Moseneke, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Maandishi haya mawili yanahusu jambo moja: watu wazima wenye ulemavu waliokabidhiwa kwa watunzaji, nao watunzaji hawakuwatunza.

Msomaji aweza kuuliza jarida la theolojia lina shughuli gani na taarifa za idara ya afya ya nchi nyingine. Jibu langu ni kwamba Kanisa letu nalo ni mtunzaji. Tuna hospitali, tuna vituo vya watu wenye ulemavu, tuna nyumba za wazee. Na hata pale tusipokuwa na jengo, tuna usharika ambao ndani yake mama mjane anamfungia mwanawe mwenye ulemavu wa akili chumbani kwa kukosa msaada. Kwa hiyo kosa la Gauteng si la watu wa mbali. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maandishi hayo mawili kwa kutumia kipimo cha Maandiko na cha Katekismo, kuonyesha yanayostahili sifa, na kisha kuonyesha pengo ambalo hayakulijaza na ambalo ni wajibu wetu kulijaza.

1. Mambo yaliyotokea

Kwa miaka mingi idara ya afya ya Gauteng ilikuwa na mkataba na kampuni iitwayo Life Esidimeni, iliyowatunza watu wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu na watu wenye ulemavu mzito wa akili. Mwezi Oktoba 2015 waziri wa afya wa jimbo, Bi. Qedani Mahlangu, alitangaza kwamba mkataba huo ungevunjwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubana matumizi. Ya pili ilikuwa sera, nzuri kwa yenyewe, ya kuwatoa wagonjwa katika taasisi kubwa ili watunzwe karibu na jamaa zao. Waganga wa magonjwa ya akili, vyama vya kuwatetea wagonjwa, na ndugu wa wagonjwa walionya kwa barua, kwa mikutano, na hata mbele ya mahakama. Hawakusikilizwa. Kufikia mwisho wa Juni 2016 watu wapatao 1,700 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na wengi wao walipelekwa katika mashirika yasiyo ya kiserikali.

Makgoba alikuta kwamba mashirika yote 27 yaliyohusika yalikuwa yakifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Mengine hayakuwa na wauguzi wenye ujuzi, wala chakula cha kutosha, wala blanketi, na uhamisho wenyewe ulifanyika karibu na majira ya baridi. Wagonjwa wengine walisafirishwa katika pikapu za wazi, wengine wakiwa wamefungwa kwa mashuka. Wengine walifika bila mafaili yao, bila dawa zao, bila vitambulisho. Ndugu walizunguka miji kwa wiki na miezi wakiwatafuta watu wao. Taarifa inafananisha namna mashirika yalivyojichagulia wagonjwa na mnada wa mifugo.

Mwezi Septemba 2016 waziri aliliambia bunge la jimbo kwamba waliokufa ni 36. Miezi mitano baadaye Makgoba aliandika kwamba ni zaidi ya 90 na hesabu inaendelea. Mbele ya Moseneke idadi ikawa 144. Tuzo yake inaongeza kwamba watu 1,418 waliteseka lakini wakabaki hai, na kwamba hadi wakati huo 44 kati yao hawakujulikana walipo.

2. Mambo yanayostahili sifa katika taarifa

Kwanza, taarifa inahesabu. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini sisi tunaosoma Injili ya Luka twajua kwamba mchungaji anayemtafuta kondoo mmoja ni mchungaji aliyekuwa na hesabu ya mia (Lk. 15:4). Asiyehesabu hawezi kujua nani amepotea. Toka 36 hadi 144 si safari ya tarakimu. Ni safari ya watu 108 ambao vifo vyao vingebaki bila kutajwa kama mtu mmoja asingekaa na kuhesabu.

Pili, taarifa haikubali neno zuri liufunike uovu. Maafisa walijitetea kwa lugha ya huduma katika jamii, lugha ambayo hata Kanisa huipenda. Makgoba haikatai sera hiyo. Anaonyesha kwamba jamii haikuandaliwa, na kwamba mtu aliyetolewa katika hospitali na kuwekwa katika nyumba isiyo na muuguzi hakurudishwa kwa jamaa yake, ametupwa. Huu ni uhakiki wa maneno, nasi tunaofanya kazi kwa maneno tunapaswa kujifunza kutoka kwake.

Tatu, taarifa inataja wenye dhamana. Haisemi kwamba mfumo ulishindwa, kana kwamba mfumo una mikono. Inawataja watu watatu waliokuwa na madaraka: waziri wa jimbo, mkuu wa idara, na mkurugenzi wa afya ya akili. Mwezi Julai 2024 Jaji Mmonoa Teffo, katika uchunguzi wa kimahakama wa vifo hivyo, aliona kwamba matendo ya wawili kati yao, waziri na mkurugenzi, yalisababisha kwa uzembe vifo vya watu 9. Theolojia yetu ya wito inafundisha kwamba cheo ni mahali pa kumtumikia jirani, na kwa sababu hiyo anayekikalia anaulizwa kwa jina lake habari za jirani huyo.

3. Fedha si maelezo yote

Hata hivyo liko jambo moja ambalo msomaji wa haraka atalichukua vibaya. Kampuni ya kwanza ililipwa randi 320 kwa siku kwa kila mgonjwa. Mashirika yaliyowapokea yalipangiwa randi 112, nazo zilichelewa. Ni rahisi kuhitimisha kwamba watu walikufa kwa uhaba wa fedha, na kwamba sisi, tulio maskini kuliko Gauteng, tusamehewe mapema.

Lakini tuangalie Uingereza. Karibu na Bristol palikuwa na hospitali binafsi iitwayo Winterbourne View, ya watu wazima wenye ulemavu wa akili. Malipo ya mgonjwa mmoja yalikuwa kwa wastani pauni 3,500 kwa juma. Tarehe 31 Mei 2011 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha picha zilizopigwa kwa siri na mwandishi aliyejiajiri humo: wahudumu wakiwapiga wagonjwa, wakiwaburuta, wakiwamwagia maji, wakiwacheka. Muuguzi mmoja alikuwa amekwisha kuwaandikia wakaguzi, naye hakujibiwa. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, na 6 kati yao wakafungwa mwaka 2012.

Basi mahali pa randi 112 na mahali pa pauni 3,500 palitendeka uovu ulio ndugu. Vitu vilivyokuwa vya pamoja ni hivi: milango iliyofungwa, watu ambao neno lao halihesabiwi kuwa ushahidi, mkubwa anayepata habari zote kutoka kwa yule yule anayepaswa kuchunguzwa, na onyo lililofika mapema likawekwa kando. Umaskini unaongeza hatari, lakini mzizi uko penginepo. Na Maandiko yameuonyesha mzizi huo katika habari ambayo sisi wahubiri tumeikata vipande vitatu na kukisoma kimoja tu.

4. Habari tuliyoikata

Sikukuu za diakonia hupendwa kuhubiriwa 2 Samweli 9. Daudi anamtafuta mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anapatikana Mefiboshethi, mwenye ulemavu wa miguu. Anaketishwa mezani pa mfalme kama mmojawapo wa wana wake. Mahubiri huishia hapo, sadaka ikatolewa. Mwandishi wa kitabu hakuishia hapo.

Tuanze nyuma. Ulemavu wa Mefiboshethi ulitoka kwa mlezi: alipokuwa na miaka mitano yaya alimchukua akakimbia naye, naye akaanguka (2 Sam. 4:4). Tusimhukumu yaya huyo, aliyekuwa anakimbiza maisha ya mtoto. Ila tuone kwamba tangu mwanzo mtu huyu amekuwa mikononi mwa wengine. Daudi anapouliza habari zake, anayejibu ni Siba, mtumishi, naye hamtaji kwa jina. Anataja miguu yake tu (9:3). Mfalme ndiye anayemwita kwa jina wanapoonana (9:6). Kisha mfalme anatoa agizo ambalo kwa desturi tunalipita haraka: mashamba yote ya Sauli yawe ya Mefiboshethi, lakini yalimwe na Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20 (9:9-10). Kwa hiyo mtu mmoja asiyeweza kutembea amekuwa na haki ya mali, na watu 36 wamekuwa na mali yenyewe. Mefiboshethi hakuwa mtoto. Alikuwa na mwana aitwaye Mika (9:12). Lakini utaratibu wa mfalme ulimweka kama mtoto, na haukumpa njia ya kulalamika isipokuwa kupitia kwa yule yule anayeweza kumdhulumu.

Matokeo yako katika sura ya 16. Daudi anamkimbia Absalomu. Siba anamlaki na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, zabibu, matunda na divai, naye anasema kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akiutamani ufalme. Daudi, aliyechoka na mwenye njaa, hamtumi mtu kuuliza. Anampa Siba vyote papo hapo (16:4). Katika sura ya 19 Mefiboshethi anatokea. Anasema mtumishi alimdanganya: alitaka kutandika punda aende na mfalme, naye aliachwa, kwa kuwa ni mlemavu (19:26). Mwandishi anatupa ushahidi kabla ya maneno hayo: tangu siku mfalme alipoondoka miguu haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa (19:24). Wako wafafanuzi wanaomtilia shaka Mefiboshethi, wakisema huenda wote wawili walikuwa waongo. Naona mwandishi ameuweka mwili wake mbele yetu makusudi, kwa sababu ndevu za majuma mengi haziwezi kubuniwa asubuhi moja.

Naye Daudi anafanya nini? Anamwambia asiendelee kusema, na anaamuru mashamba yagawanywe nusu kwa nusu (19:29). Huyu ni mfalme apendwaye na Mungu, mwenye wema wa kweli, aliyeanza vizuri kuliko wengi wetu. Lakini kosa lake ni lile lile la Gauteng na la Bristol. Alipokea habari za mtu mwenye ulemavu kutoka kwa mtunzaji wake. Alivutwa na zawadi. Na ushahidi wa mwili ulipoletwa mbele yake, akachagua amani ya haraka badala ya haki.

Tusimsahau mtu mwingine katika habari hiyo. Kabla ya mfalme kumkumbuka, Mefiboshethi aliishi Lo-debari katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli (9:4). Makiri hakupewa shamba kwa kazi hiyo. Ni yeye huyo anayetokea tena katika 17:27-29 akimletea mfalme mkimbizi vitanda, mabakuli na chakula. Kila usharika una akina Makiri wake, na mara nyingi wao ndio waonao kwanza kwamba mambo yameharibika, kama ndugu wa wagonjwa wa Gauteng walivyoona. Nao ndio wanaoitwa wachochezi.

5. Urithi wetu wenyewe

Haitakuwa uaminifu kuwahukumu wengine bila kufungua kabati letu. Katika Mazungumzo ya Mezani, kama yalivyoandikwa na waliokaa na Luther, yapo maneno yake kuhusu mtoto mmoja wa Dessau mwenye ulemavu mzito, ambaye yeye, kwa imani za wakati wake kwamba mtoto wa namna ile ni kiumbe kilichobadilishwa na shetani, alishauri azamishwe mtoni. Wakuu wa mahali pale hawakukubali. Maandishi hayo ni ya watu wa pili na lazima yasomwe kwa uangalifu. Lakini mwalimu wa chuo cha Kilutheri asiyeyataja anawaacha wanafunzi wake wayakute siku moja bila msaada.

Ziko tena habari za karne ya 20. Taasisi ya diakonia ya Bethel, huko Bielefeld, ni jina la heshima kwetu, kwa kuwa Misheni ya Bethel ilifanya kazi Usambara na Bukoba, na watumishi wake walihusika na hospitali ya Lutindi ambako wagonjwa wa akili wamepokewa tangu mwanzo wa karne hiyo. Lakini Bethel hiyo hiyo ilishiriki katika kuwafunga uzazi wagonjwa chini ya sheria ya Hitler ya mwaka 1933. Toka 1940 hadi Agosti 1941 serikali ya Hitler iliwaua kwa gesi watu wapatao 70,000 waliotolewa katika hospitali na nyumba za walemavu, zikiwamo nyumba za makanisa. Kazi ilianza kwa fomu tu, zilizotumwa kwa wakuu wa taasisi ili wajaze hali ya kila mgonjwa. Wengine walijaza. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mwezi Julai 1940, naye akakamatwa mwezi uliofuata. Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel naye alipinga, kwa njia ya mazungumzo na kuchelewesha. Ndani ya taasisi moja, basi, palikuwa na dhambi na ushuhuda pamoja. Hatuna ruhusa ya kuhadithia kimoja na kuficha kingine.

Hata hivyo kipimo cha kuyahukumu hayo yote tunacho katika urithi huo huo. Luther, anapoeleza Amri ya Tano katika Katekismo Kubwa, anafundisha kwamba si yule tu aliyetenda uovu ndiye aliyeua. Aliyeweza kumlinda jirani asidhurike, naye hakumlinda, ameua. Aliyemwona uchi na hakumvika amemwacha afe kwa baridi. Na hapo anaitaja hukumu ya Mathayo 25. Msomaji aiweke sura hiyo ya Katekismo kando ya taarifa ya Makgoba. Baridi, njaa na kunyamaza vimo kote kuwili. Katekismo inafundishwa kwa watoto wa kipaimara katika kila usharika, lakini sijaona mara nyingi ikifunguliwa kwenye kikao cha halmashauri ya kituo.

6. Pengo la maandishi haya

Sasa naja kwenye upungufu. Taarifa na tuzo zimejaa sauti za maafisa, wataalamu na ndugu. Wenyewe waliohamishwa wanaonekana zaidi kama miili: uzito uliopungua, vidonda, sababu za kifo. Naelewa kwamba waliokufa hawawezi kusema. Lakini waliosalia walikuwa zaidi ya elfu, na maswali yaliyoongoza kazi hii yaliwahusu wafu kuliko walio hai. Hivyo maandishi yaliyotaka kuwatetea yamerudia kwa sehemu kosa la Siba, la kumtaja mtu kwa miguu yake.

Tena, tuzo ilitoa kwa familia zilizodai randi 1,200,000 kila moja kwa jumla, ikijumlisha mazishi, uchungu wa moyo na kuvunjwa kwa haki za kikatiba, na iliamuru pajengwe ukumbusho. Hilo ni jambo la haki, nami silidharau. Ila fidia huja baada ya mazishi. Swali la diakonia ni nani angeweza kubisha hodi katika nyumba zile mwezi Juni 2016, na kwa nini hakubisha.

Swali hilo nimejiuliza mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi tulikwenda wakati wa Krismasi kukitembelea kituo kimoja, tukiwa na sabuni, sukari na nyimbo. Mwanamume mmoja, mtu mzima asiyeweza kusema vizuri, alinishika mkono wa joho, akavuta, akataka kunieleza kitu. Msimamizi akatabasamu, akasema, "Mwache huyo, mtumishi, ndivyo alivyo." Nikamwacha. Nilirudi kwenye kwaya, tukaimba ubeti wa mwisho, tukanywa chai iliyoandaliwa vizuri. Sijui alitaka kusema nini. Huenda lilikuwa jambo dogo. Lakini sikuuliza, kwa sababu aliyenikirimu alikuwa amekwisha kunijibu. Kila nisomapo 2 Samweli 16 naikumbuka chai ile.

7. Mambo yatupasayo

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai katika ibara ya 16 kwamba huduma zote zinazowahusu watu hao zikaguliwe na vyombo vilivyo huru. Nchini mwetu ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo nisemayo hapa chini hayaongezi mzigo mpya. Ni njia ya Kanisa kutii lililokwisha kuamriwa na serikali, na zaidi sana lililoamriwa na Mungu.

Kwanza, atembeleaye asitembelee kwa ratiba ya mwenyeji tu. Mchungaji, shemasi au mzee wa kanisa afike siku isiyotazamiwa, aone jikoni, aone mahali pa kulala, aone choo. Aliyetunza vema hatachukizwa.

Pili, mwenye ulemavu asikilizwe pasipo mtunzaji wake kuwepo. Asiyesema kwa kinywa husema kwa ishara, kwa picha, kwa uso, kwa kukataa kula, kwa kuogopa mtu fulani. Mtafsiri asiwe yule anayelalamikiwa. Na mwili wake usomwe kwa heshima, kwa maana miguu isiyotunzwa ilikuwa ushahidi hata mbele ya mfalme asiyetaka kuuona.

Tatu, tuhuma ya kupiga, kunajisi, kuiba au kufungia isimalizwe ofisini kwa maombi na kupeana mikono. Mafundisho yetu ya tawala mbili hayampi mchungaji ruhusa ya kumficha mhalifu, yanamfundisha kwamba serikali imepewa upanga na Mungu kwa ajili ya kumlinda mnyonge (Rum. 13:4). Jambo lipelekwe polisi na ustawi wa jamii. Msamaha unahubiriwa kwa atubuye, lakini hauwarudishi wagonjwa mikononi mwake. Eli naye aliwakemea wanawe kwa maneno, alihukumiwa kwa kuwa hakuwazuia (1 Sam. 3:13).

Nne, aletaye onyo alindwe. Mhudumu wa ngazi ya chini, mpishi, mlinzi, ndugu wa mgonjwa, hao huona mapema. Akiandika barua, ijibiwe kwa maandishi, na asihamishwe kwa sababu yake. Tena watunzaji wenyewe, ambao wengi hufanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, wafunzwe na wapumzishwe. Mtu aliyechoka usiku na mchana bila wa kumpokea yuko karibu na kutenda asilolikusudia.

Tano, tuhubiri habari nzima. Atakayehubiri 2 Samweli 9 mwaka huu asome pia sura ya 16 na ya 19. Usharika utajua kwamba kumketisha mtu mezani ni mwanzo wa wema, na kwamba wema huo unahitaji kulindwa kila siku baada ya karamu.

Hitimisho

Taarifa ya Makgoba na tuzo ya Moseneke ni maandishi magumu na ya kweli. Zinafaa kuwekwa katika masomo ya diakonia na ya maadili ya Kikristo, si kama habari za nchi jirani iliyokosea, bali kama kioo. Upungufu wake, yaani ule uchache wa sauti za wenyewe waliotendewa, si sababu ya kuziweka kando. Ni kazi iliyoachwa kwetu. Mwanafunzi anayesoma makala haya atawekewa mikono, na siku moja atapewa uenyekiti wa bodi ya kituo. Siku hiyo Siba atamlaki na punda waliotandikwa na matunda mazuri. Ninamwomba asile kwanza. Aulize Mefiboshethi yuko wapi, kisha aende mwenyewe akamwone.

Bwana wa Kanisa, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa naye akaangaliwa, na mara nyingine hakuangaliwa, atujalie macho ya kuona na masikio ya kusikia.